Upanga wa Luke ulitoka duka la foto

Bandugu, ule upanga wa mwanga wa Luke katika filme Star Wars ya 1977, Roger Christian aliupata duka la foto, London. Ni mpini wa flashi ya Graflex, kamera ya waandishi wa habari wa zamani. Ndani mnaingia batri tatu kubwa. Yeye akabandika vipande vyeusi vya kushikia.

Unataka kutengeneza wako? Kwenye picha usifuate mng'ao, juu unabadilika na taa. Fuata kibonye chekundu na kibano. Kisha pima: bomba lazima lipokee batri yenye unene wa karibu milimita 33, basi upana wake utakupa vipimo vingine.

Lakini kukata flashi ya kweli, miye sikubali. Wapenzi wa filme wamekata nyingi, na sasa mwenye kamera yake akitafuta flashi, bei iko juu sana. Azima moja, pima, rudisha, halafu kata bomba la kawaida.