Bunduki ya Upepo Isiyopiga Shabaha: Je, Kosa ni la Mtutu?

Bunduki ya upepo inapoanza kukosa shabaha, aghalabu mtutu ndio unaohukumiwa kwanza. Husemwa kwamba umepinda au umeliwa, kisha hutafutwa mwingine. Mara nyingi hukumu hiyo hutolewa bila ushahidi. Wilayani Rungwe, ambako nyumba, migomba na njia za watoto wa shule vimekaribiana, risasi iendayo ovyo si hasara ya fedha tu, bali ni hatari kwa watu. Hapana budi chanzo cha kosa kitafutwe kwa utaratibu, kama tabibu achunguzavyo homa kabla ya kutoa dawa.

Jinsi Ifanyavyo Kazi

Bunduki ya upepo iliyo ya kawaida haina baruti. Ndani yake mna silinda, pistoni na springi nzito. Mpigaji akiukunja mtutu kwenye bawaba yake, springi hubanwa. Akivuta kifyatulio, springi huisukuma pistoni, nayo pistoni huigandamiza hewa kwa ghafula. Hewa hiyo yenye kanieneo kubwa huisukuma risasi mtutuni. Risasi ya kipenyo cha milimita 4.5 huwa na nusu gramu hivi, na hufanyizwa kwa madini laini yaitwayo risasi vilevile. Ndani ya mtutu mna mifereji myembamba iliyozunguka kama nyuzi za parafujo; hiyo huizungusha risasi ili isipinduke njiani.

Usahihi wa chombo hiki waweza kuwa mkubwa. Katika Michezo ya Olimpiki, ambamo bunduki ya upepo iliingizwa mwaka 1984, mpigaji husimama mita 10 kutoka shabaha, na alama ya 10 ni kitone cha kipenyo cha nusu milimita tu.

Karatasi Ndiyo Shahidi

Jaribio la kwanza halihitaji chombo cha gharama. Karatasi hubandikwa mbele ya ukingo mrefu wa udongo, mahali pasipopita mtu, na mpigaji huvaa miwani ya kukinga macho. Bunduki huegemezwa juu ya mto laini, kisha risasi 10 za aina moja hupigwa kutoka mita 10 kwa kulenga alama ileile. Matundu yatakayopatikana yana habari ya kueleza.

Matundu yakikusanyika pamoja, lakini mbali na alama, mtutu hauna kosa: vilengeo ndivyo vinavyotaka kurekebishwa. Yakigawanyika makundi mawili, parafujo za kitako au bawaba ya mtutu imelegea, hata mtutu haurudi mahali pake kila ufungwapo. Yakijipanga wima, juu na chini, yafaa kushuku mwendo wa risasi.

Hesabu ndogo yaeleza sababu. Risasi iendayo mita 170 kwa sekunde hufika mita 20 baada ya sekunde 0.118. Katika muda huo nguvu ya uvutano huiangusha kiasi cha sentimeta 6.8. Mwendo ukipungua kuwa mita 155, anguko huwa sentimeta 8.2, hata bila kuhesabu ukinzani wa hewa. Basi springi iliyochoka, au mpira uliopasuka na kuvujisha hewa, waweza kutawanya risasi ingawa mtutu ni mzima.

Mwinuko na Mvua za Tukuyu

Mji wa Tukuyu uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa yake ni asilimia 84 hivi ya ile ya pwani. Silinda hujaa hewa kwa ujazo uleule, lakini hewa hiyo ni haba zaidi. Vilevile ukinzani wa hewa dhidi ya risasi hupungua. Kwa sababu hiyo bunduki iliyorekebishwa Kyela, chini karibu na Ziwa Nyasa, yaweza kupiga juu au chini kidogo ikiletwa Tukuyu. Hata hivyo mwinuko huhamisha kundi zima la matundu. Hautawanyi tundu moja moja.

Mvua ni jambo jingine. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu wa hewa huukalia mtutu wa chuma uliohifadhiwa bila mafuta. Kutu hula kingo za mifereji na kukwaruza risasi. Lakini dawa nayo yaweza kuwa sumu: mafuta mengi yakipenya ndani ya silinda, joto la hewa iliyogandamizwa huyawasha, kama itokeavyo katika injini ya dizeli. Mlipuko huo hubadilisha mwendo wa risasi na kuharibu springi. Mafuta yapakwe kidogo tu, kisha yafutwe kabla ya kupiga.

Kuuchunguza Mtutu

Mambo hayo yakiisha kuondolewa shaka, ndipo mtutu uchunguzwe, bunduki ikiwa haina risasi. Kwanza ni mdomo wake, kwa kuwa hapo ndipo risasi inapoachana na chuma. Pamba ikizungushwa polepole ukingoni, nyuzi zake hunaswa penye mkwaruzo. Kasoro ndogo upande mmoja huiachia hewa upande huo kwanza na kuiyumbisha risasi. Kosa hili huletwa sana na ufito wa chuma uingizwao mdomoni wakati wa kusafisha. Yafaa kusafishia nyuma, kwa uzi na kitambaa laini.

Pili, mtutu uliofunuliwa huelekezwa kwenye mwanga. Duara za mwanga zikionekana zimeingiana sawasawa, umenyooka. Zikienda upande, umepinda. Bunduki iliyofyatuliwa mtutu ungali wazi huweza kuupinda kuelekea juu.

Tatu, risasi mpya husukumwa polepole kwa ufito wa mti laini toka nyuma. Ikikwama mahali, pana kutu au mabaki ya madini; ikilegea ghafula, mtutu umepanuka hapo. Mabaki husafishika, lakini upanuzi hautibiki.

Somo kwa Darasa

Kanuni ya uchunguzi wote ni moja: badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha pima tena. Akazaye parafujo, akabadili risasi na kusafisha mtutu siku hiyohiyo, hata akifaulu hajui kilichomponya. Mwalimu aweza kufundisha kanuni hii bila silaha yoyote, kwa kudondosha gololi 10 juu ya karatasi yenye alama na kulinganisha mtawanyiko na upotofu. Silaha yenyewe iachiwe mtu mzima mwenye kibali: Tanzania ina sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi, na mwenye shaka huuliza polisi kabla ya kuishika.