Shoki za nyuma kwa bei nafuu: kagua kwanza, PIN baadaye

Ukiacha lami ya barabara ya A1 pale Uriri na kuingia murram ya kwenda mashambani, pikipiki yako inaanza kusema ukweli. Kwenye lami, kati ya Awendo na Migori, hata nduthi iliyochoka hujifanya nzima. Lakini kwenye murram, penye mashimo yaliyoachwa na trekta za miwa, unasikia "ko!" chini ya kiti. Abiria anakushika mabega kwa nguvu, nawe unajua tayari: shoki za nyuma zimeisha.

Hapo swali linakuwa la pesa. Shoki halisi za kampuni iliyotengeneza pikipiki zina bei yake. Za bei nafuu zimening'inia kwenye duka la spea, zinang'aa. Fundi naye anakwambia, "Nituma tu pesa kwa laini yangu, nikuchukulie." Simu iko mkononi, na pesa inatoka kwa sekunde chache.

Shida ni kwamba shoki mbaya haijionyeshi kwa sekunde chache. Inaweza kuchukua siku tatu, wiki, au mvua moja kubwa. Ikifika hapo, pesa imeshaenda. Ndiyo maana tunasema hivi: kazi yote ya kuchagua ifanyike kabla ya PIN. Ukishaiweka, umemaliza kuchagua.

Hakikisha ni shoki kweli

Usinunue dawa kabla ya kujua ugonjwa. Kabla ya kwenda dukani, fanya haya ukiwa steji:

1. Simama nyuma ya pikipiki, bonyeza kiti kwa uzito wako mara moja, kisha achia. Shoki nzima hupanda na kutulia. Ikiendelea kurukaruka kama kitanda cha springi, oili ya ndani haifanyi kazi tena.

2. Tazama kile chuma laini kinachoingia na kutoka ndani ya shoki. Ukiona oili imechuruzika na vumbi limegandia hapo, sili imepasuka. Kutu yenye vishimo au chuma kilichopinda ni dalili kwamba muda umeisha.

3. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, shika gurudumu la nyuma, ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, huenda tatizo ni beringi, au bushi za ile mikono miwili ya chuma inayoshika gurudumu. Shoki mpya hazitatibu hilo.

4. Angalia mipira iliyo kwenye matundu ya shoki, juu na chini. Wakati mwingine sauti ile ya "ko!" ni bushi ya mpira iliyolika, na bushi ni pesa kidogo sana ukilinganisha na jozi ya shoki.

Kuna jambo lingine linalowadanganya wengi. Shoki nyingi zina pete yenye ngazi chini ya springi. Ukiizungusha ipande, nyuma ya pikipiki inainuka kidogo, na hiyo inasaidia ukibeba mzigo. Lakini pete hairudishi oili iliyokwisha. Ukiambiwa "tumeikaza, sasa ni mpya," jua bado ni ileile. Na ukiipandisha, pande zote mbili ziwe ngazi moja.

Pima, usiamini jina

Muuzaji atakwambia, "Hii ni ya Boxer kabisa, haiwezi kukataa." Lakini jina la Boxer liko kwenye pikipiki za cc 100 na pia za cc 150. Pikipiki ya zamani nayo huenda ilishabadilishwa vitu na watu watatu kabla yako. Kwa hivyo jina halitoshi. Beba futi, na ikiwezekana ubebe shoki yenyewe.

Pima urefu kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini, pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa na gurudumu la nyuma likining'inia. Andika kwa milimita. Kisha pima unene wa bolti ya juu na ya chini, na upana wa bushi. Angalia pia kama ncha zote mbili ni tundu, au moja ni kama uma. Mwisho, tazama nafasi iliyopo kati ya springi na cheni upande mmoja, na kati ya springi na eksozi upande mwingine. Springi nene kuliko ya kwanza inaweza kugusa.

Kwa nini tunasisitiza urefu? Shoki ndefu kupita kiasi huinua nyuma. Stendi ya pembeni inakuwa fupi, pikipiki inalala sana na inaweza kuanguka ikiwa imeegeshwa na mzigo. Fupi kupita kiasi, tairi inagonga matgadi abiria akipanda, na tumbo la pikipiki linakwaruza kwenye tuta. Sentimita moja au mbili unaiona ndogo mkononi, lakini barabarani utaisikia.

Piga picha za vipimo hivyo na uziweke kwa simu. Utazihitaji tena.

"Bei nafuu" ina sura tatu

*Mpya, lakini si ya kampuni.* Nyingi zinafaa kwa kazi ya kawaida zikilingana na vipimo. Bonyeza kila moja kwa uzito wako ikiwa imesimama wima chini. Inapaswa kushuka bila kukwama, kisha irudi taratibu. Ikirudi kwa kishindo, hiyo ni springi tupu. Linganisha mbili za jozi: zikirudi kwa mwendo tofauti, ziache.

*Halisi iliyotumika.* Shoki iliyotolewa kwenye pikipiki nyingine inaweza kuwa nzuri kuliko mpya ya bei rahisi, ukiikagua. Angalia chuma kinachong'aa, sili na bushi. Uliza kama zote mbili zimetoka pikipiki moja.

*Iliyokarabatiwa.* Hapa kuwa macho. Rangi mpya huficha oili inayovuja na pia alama ya kulehemu. Shoki iliyolehemiwa usinunue. Moto huunguza sili, na chuma kilichopashwa moto kinaweza kukatika ukiwa na mtu nyuma. Shoki yenye gesi ikichomwa moto inaweza hata kulipuka.

Usivutwe pia na kile kikopo cha pembeni chenye rangi nyekundu au ya dhahabu. Kwenye shoki nyingine kikopo hufanya kazi kweli, na kwenye nyingine ni pambo tu. Lipia jinsi shoki inavyorudi ukiibonyeza.

Na nunua jozi. Ukiweka mpya upande mmoja na kuacha iliyochoka upande wa pili, pikipiki itayumba kwenye kona na pale unapofunga breki kwenye mashimo. Anayekaa nyuma yako huenda ni mama anayepelekwa kliniki au mtoto wa shule. Hapo hakuna "nitaongeza nyingine mwezi ujao."

Sasa malipo

*Lipa duka, usilipe mkono wa kati.* Fundi akienda kukununulia, mwombe akupe namba ya till ya duka ulipe mwenyewe. Utajua bei halisi, na ujumbe wa malipo utakuwa na jina la duka. Pesa ya kazi ya fundi mlipe kando. Hapo hakuna atakayejiuliza nani alikula nini, nanyi mtabaki marafiki.

*Soma jina.* Simu inakuonyesha jina la unayemlipa kabla ya kukamilisha. Wengi tunaliruka kwa haraka. Likiwa si la duka wala la mtu uliyeelezwa, simama uulize.

*Ukiagiza mbali, usitoe yote.* Shoki ikikosekana Uriri, Migori au Kisii, wengi huagiza Nairobi, kwa maduka ya Kirinyaga Road au kwa muuzaji waliyemwona mtandaoni. Omba picha ya shoki ikiwa imewekewa futi kando yake, ulinganishe na vipimo vyako. Kubaliana kulipa sehemu kwanza, na salio ukiupokea mzigo na kuupima. Muuzaji anayekataa kupiga picha lakini anakuharakisha ulipe sasa hivi, mwache.

*Dai risiti.* Ujumbe wa simu unathibitisha kwamba ulilipa. Hausemi ulinunua nini. Risiti ya karatasi iandikwe aina ya shoki, urefu wake na siku mlizokubaliana za kurudisha. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inataka bidhaa unayouziwa iwe ya ubora unaofaa, na karatasi hiyo ndiyo itakusaidia ukirudi dukani.

*Usichanganye kurudisha muamala na kurudisha spea.* Ukituma pesa kwa namba isiyo yake, omba irudishwe mara moja. Kwa M-PESA unasambaza ujumbe wote wa muamala kwa 456. Lakini huduma hiyo ni ya pesa iliyopotea njia. Ukilipa duka sahihi kiasi sahihi, kisha shoki ikavuja wiki ijayo, hayo ni mazungumzo yako na muuzaji. Ndiyo sababu tumepima na kubonyeza kwanza.

Pesa itoke wapi?

Shoki huanza kukuaga mapema. Ukiona oili kidogo leo, anza kuweka akiba leo. Tuseme jozi unayoitaka ni shilingi 3,000 (ulizia bei ya siku hiyo). Ukifungia shilingi 50 kila siku ya kazi, siku sita kwa wiki, utazifikisha kwa wiki 10. Ukiweka 100, ni wiki tano. Tumia akaunti ya akiba ya simu iliyofungwa kwa muda, ili pesa ya shoki isiishie kwa chai na mandazi.

Mkopo wa simu unaweza kukuokoa kama pikipiki imesimama kabisa. Lakini jiulize kwanza: ada inakatwa kila siku au mara moja? Kama pikipiki yenyewe bado unailipia kila siku, siku moja bila kazi itakudai mara mbili.

Baada ya kufunga

Zunguka kwanza peke yako, polepole, kisha na abiria mmoja. Mmoja ndio idadi ambayo Sheria ya Trafiki inaruhusu, na shoki za bei nafuu hazikutengenezwa kwa mishikaki. Angalia kama cheni imekaza au imelegea kuliko kawaida, kwa sababu urefu wa nyuma ukibadilika, nayo hubadilika. Tazama kama springi inagusa popote. Jioni ya siku ya kwanza, pitisha spana kwenye bolti zote nne.

Kisha fungua simu, tafuta ule ujumbe wa malipo, na uuhifadhi pamoja na picha ya risiti. Usiufute hata kama unafuta mengine yote.

Ukiwa na rafiki steji anayelalamika mgongo kila jioni, mpelekee makala haya kabla hajampigia fundi. Na mkumbushe mpangilio: pima, bonyeza, soma jina, halafu PIN.