Kupindua, Kurejesha na Kutendua Rangi za Picha

Katika kazi ya kutafsiri programu za kompyuta, neno moja limebebeshwa mizigo kupita uwezo wake. Neno hilo ni geuza. Hutumika kwa kubadili rangi ya picha, kwa kuifanya rangi iwe kinyume chake, kwa kuirudisha ilivyokuwa, na hata kwa kuielekeza picha upande wa pili. Karani mwenye ramani ya viwanja iliyotiwa rangi, akikuta kitufe kilichoandikwa "Geuza rangi", hawezi kujua kama akikibonyeza ataweza kurudi alikotoka. Pengine hataweza kamwe.

Ili kuonyesha tofauti zilizopo tutatumia Qt, mkusanyiko wa zana za kujengea violesura, yaani madirisha, vitufe na picha anavyoviona mtumiaji, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1995. Rangi ya kila nukta ya picha huelezwa kwa namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Tuchukue nukta ya kahawia yenye 200, 100 na 60. Amri iitwayo invertPixels huitoa kila namba kutoka 255. Hivyo tunapata 55, 155 na 195, ambayo ni rangi ya samawati. Amri hiyo hiyo ikitolewa mara ya pili, kahawia hurudi bila upungufu wowote. Hapa neno lifaalo ni pindua: nguo iliyopinduliwa, ndani ikawa nje, hukaa sawa ikipinduliwa tena.

Hali ni nyingine picha inapofanywa ya kijivu. Kanuni ya Qt ya kukadiria kijivu huzizidisha namba hizo kwa 11, 16 na 5, ikazijumlisha, kisha ikagawanya kwa 32. Nukta yetu huwa 128. Lakini nukta yenye 128, 128 na 128 nayo huwa 128! Namba tatu zimekuwa moja, wala hakuna hesabu itakayozitenganisha tena. Kiwanja cha kahawia na cha kijivu sasa ni kitu kimoja. Picha ya namna hii haipinduliki. Yaweza tu kurejeshwa, yaani kurudishwa kutoka katika nakala ya asili iliyowekwa kabla. Katika Qt kuweka nakala hiyo si gharama kubwa, kwa kuwa nakala mbili hutumia kumbukumbu moja mpaka mojawapo itakapobadilishwa.

Wakati mwingine rangi hutandazwa juu ya picha kama utaji, picha yenyewe isiguswe. Hapo ondoa yatosha.

Sasa tulitazame neno tendua. Hili si geni: sarufi yetu inayo kauli ya kutendua, ambayo kwayo funga huzaa fungua na kunja huzaa kunjua, na baadhi ya programu zimekwisha litumia. Tunalipendekeza kwa amri ifutayo tendo la mwisho la mtumiaji, liwe la rangi au la jambo jingine. Wako wanaopendelea tengua. Lakini maofisini neno hilo limeshikamana na uteuzi na hukumu, na mtumishi aonaye "Tengua" kwenye kioo aweza kushtuka bila sababu. Wala kauli hii haikubali kila kitenzi. Ajaribuye kutendua paka, la kupaka rangi, ataangukia pakua, na msomaji atafikiria chungu cha wali au faili la intaneti.

Limebaki jina la amri ya kulifanya tena tendo lililotenduliwa. Rudia limependekezwa, nasi hatulikubali, kwa sababu katika picha iliyopinduliwa kurudia tendo ndiko kuirudisha rangi ya mwanzo, ilhali amri hii yakusudia kinyume chake. Kwa sasa tunatumia tenda upya, na tunawaomba walimu na wafasiri watuletee lililo fupi zaidi kama wanalo.