Zabuni za vikosi: idadi ya watu kabla ya bei

Mfanyabiashara wa Darajani anayeomba zabuni ya mchele, sare au vipuri vya gari kwa vikosi vya SMZ kwa kawaida huanza na bei ya soko. Linalopaswa kutangulia ni idadi: wangapi watakula, wangapi watavaa na nani atawahudumia.

Ulinzi ni jambo la Muungano, na JWTZ hugharamiwa na bajeti ya Muungano. Lakini JKU, KMKM na Chuo cha Mafunzo, zilizotajwa katika Kifungu cha 121 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984, pamoja na Valantia na Zimamoto, zimo katika bajeti ya SMZ, ambayo mwaka wake huanza Julai 1.

Nyuma ya askari wapo wapishi, mafundi, makarani na wauguzi. KMKM ina hospitali yake Kibweni. Kuwapanga hawa kunahitaji hesabu mbili.

Ya kwanza ni orodha ya watumishi kwa umri, kada na kituo. Umri huonyesha nani anakaribia kustaafu, hivyo kiinua mgongo chake na ajira ya atakayeshika nafasi hutengewa fedha mapema.

Ya pili ni Sensa ya Agosti 2022, iliyouliza pia kazi za watu. Pale mafundi cherehani wanapopatikana kwa wingi, ushonaji wa sare unaweza kutolewa kwa zabuni. Wanapokosekana, kikosi hulazimika kufundisha wake. Zanzibar ilikuwa na watu 1,303,569 mwaka 2012. Mwaka 2022 walifika 1,889,773, na 893,169 kati yao wako Mjini Magharibi. Kwa Zimamoto, ongezeko hilo maana yake ni madereva, magari na mafuta zaidi.

Kosa katika orodha ni hasara. Kambi ya watu 100, kila mmoja nusu kilo ya mchele kwa siku, huhitaji kilo 18,250 kwa mwaka. Majina 10 yakiwa hewa, kilo 1,825 hulipiwa bila mlaji. Upande wa Bara, uhakiki wa 2016 ulikuta watumishi hewa zaidi ya 10,000.

Orodha pungufu nayo ina madhara: fungu humalizika kabla ya Juni, na muuzaji hubaki na ankara zisizolipwa huku mwenye bohari akimdai.

Kabla ya kutaja bei, basi, muuzaji aulize orodha ilihakikiwa lini.