Ng'ombe wa maziwa hulishwa

Juma hili nataka tuzungumzie biashara ya burudani, maana wengi wetu tunaitolea fedha kila mwezi bila kujiuliza inaendeshwaje. Swali langu ni jepesi: kampuni ya televisheni ya kulipia inauza nini hasa? Wengi watajibu kwamba inauza king'amuzi na dishi. Mimi nasema sivyo. King'amuzi ni gunia tu. Mteja anatoa fedha kwa ajili ya kile kilichomo ndani ya gunia.

Chukueni mfano wa Bugwema, kata ya wakulima katika Wilaya ya Musoma, mkoani Mara. Siku Simba wanapocheza na Yanga, kijiji cha huko hakihitaji runinga katika kila nyumba. Anatosha mtu mmoja mwenye kibanda umiza: mabenchi, runinga moja, dishi juu ya bati, na kiingilio cha fedha kidogo mlangoni. Anayeingia hajali king'amuzi ni cha nani. Amefuata mpira. Mpira ukihamia kwenye king'amuzi kingine, mwenye kibanda naye atahama, apende asipende. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya biashara hii: mwenye mchezo ndiye mwenye mteja.

Sasa tuangalie kanuni hiyo ilivyotumika hapa kwetu. Tanzania Bara ilifungua milango ya utangazaji kwa watu binafsi kwa sheria ya mwaka 1993, na mwaka 1994 ITV ikaanza kuonekana. Hiyo ilikuwa televisheni ya bure, iliyoishi kwa matangazo ya biashara. Mwaka 1995 huko Afrika Kusini, kampuni ya MultiChoice ikaanzisha DStv, ambayo baadaye ilienea katika nchi nyingi za Afrika. Mtaji wake mkubwa ulikuwa mpira wa Ulaya na sinema za nje, na mteja wake wa kwanza alikuwa mtu wa mjini mwenye mshahara mnono.

Mwishoni mwa mwaka 2013 Azam ikaingia sokoni. Mwenye nyumba hiyo, Said Salim Bakhresa, hakuwa mtu wa televisheni. Alianzia kwenye mgahawa Dar es Salaam katika miaka ya 1970, kisha akaingia kwenye unga, aiskrimu na vinywaji. Biashara ya unga humfundisha mtu jambo moja: faida ndogo kwa kila kilo, lakini kilo ni nyingi mno. Haba na haba hujaza kibaba. Kampuni yake ikaipeleka hesabu hiyo hiyo kwenye runinga. Badala ya kugombea ligi ya Uingereza na watu waliotangulia, ilikwenda kununua ligi ya nyumbani, ikaitangaza kwa Kiswahili, na kumlenga mtu wa kawaida.

Wakati ule wapo waliocheka. Nani atalipa kuangalia timu za mikoani zikicheza kwenye uwanja wa vumbi? Mkataba wa kwanza wa mwaka 2013 ulikuwa wa miaka mitatu, kwa shilingi bilioni 5.56, na klabu ya Yanga iliupinga hadharani. Lakini mwezi Mei 2021 kampuni hiyo hiyo ilisaini na TFF mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Gawanyeni wenyewe: kutoka wastani wa chini ya bilioni mbili kwa mwaka hadi zaidi ya bilioni 22. Hata ukiondoa kushuka kwa thamani ya shilingi, hilo ni ongezeko kubwa.

Hapa ndipo tunapouona uongozi. Kiongozi wa kampuni ya burudani hupimwa kwa mambo mawili: amemchagua mteja gani, na yuko tayari kusubiri kwa muda gani. Kufunga mkataba wa miaka kumi ni kusema kwamba nitapanda mwembe wala si mchicha.

Linganisheni na yaliyowapata waliotangulia. Katika miaka miwili ya hesabu iliyoishia Machi 2025, MultiChoice ilipoteza wateja milioni 2.8 barani. Sababu zilikuwa nyingi: maisha magumu, kukatika kwa umeme nchini Zambia, filamu zinazotazamwa kwa intaneti, na kushuka kwa fedha ya Nigeria. Angalieni hilo la mwisho. Kampuni inanunua haki za mpira na filamu za nje kwa dola, lakini mteja anailipa kwa naira au kwacha. Fedha ya nyumbani ikianguka, bei lazima ipande, na bei ikipanda mteja anaondoka. Mwezi Septemba 2025 kampuni ya Kifaransa ya Canal+ ikaichukua MultiChoice. Bidhaa ya nyumbani, inayonunuliwa kwa shilingi na kuuzwa kwa shilingi, haina ugonjwa huo kwa kiwango hicho.

Mpaka hapa mtadhani nimekuja kuisifia Azam. Hapana. Kuna upande wa pili, na watu wa Mara wanaujua kuliko wengi wetu hapa mjini. Wao walilima pamba. Mwaka 1976 Serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika, mkulima alibaki na mamlaka moja ya umma kuwa mnunuzi wa pamba yake. Bei ikishatangazwa, hakuwa na mlango wa pili wa kubisha hodi. Ligi yetu leo ina mnunuzi mmoja wa matangazo ya runinga kwa miaka kumi. Zaidi ya hayo, nyumba hiyo hiyo inayotangaza ligi inayo timu yake, Azam FC, ndani ya ligi. Simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba anayenunua mazao na anayelima shamba mojawapo akiwa ni mtu mmoja, majirani wana haki ya kuomba mizani iwekwe hadharani.

Tena fedha za runinga peke yake hazijengi timu. Mkoa wa Mara ulikuwa na Biashara United ya Musoma, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2018. Oktoba 2021, miezi michache baada ya mkataba ule mkubwa kusainiwa, timu hiyo iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 hapa nyumbani katika Kombe la Shirikisho Afrika. Kwa sababu ya matatizo ya safari haikufika Libya kwa mchezo wa marudiano, ikatolewa. Mwisho wa msimu huo ikashuka daraja. Kijana wa Bugwema aliyekuwa akiiona timu ya mkoa wake kwenye kibanda umiza, sasa analipa kiingilio kuangalia timu za watu wengine tu.

Kwa kampuni ya runinga, hiyo ni hasara ya biashara kabisa, si jambo la huruma. Kila timu ya mkoani inayoporomoka huondoka na sababu ya mtu fulani kulipia king'amuzi. Ligi ikibaki ya Simba na Yanga peke yao, mechi zenye kuuzika zitakuwa chache kwa mwaka, na bilioni 225 zitakuwa zimenunua gunia nusu tupu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. TFF na Bodi ya Ligi wautumie muda uliobaki kabla ya mwaka 2031 kuhakikisha mgawo wa fedha unajulikana, unalipwa kwa wakati, na unakaguliwa katika kila klabu. Viongozi wa klabu wafanye hesabu za nauli kabla ya hesabu za usajili. Na kampuni iliyothubutu kupanda mwembe ikumbuke kumwagilia. Wafugaji wa Mara hawahitaji kufundishwa jambo hili: ng'ombe unayetaka akupe maziwa kesho, humlisha leo.

Tafakarini, ndugu zangu. Tukutane juma lijalo.