Nyumba ya waqfu, upepo na ukweli wa fomu ya fidia

Masika iliyopita upepo uling'oa bati 18 za nyumba ya waqfu ya msikiti wetu hapa Mofu. Kodi ya nyumba hiyo ndiyo inayompatia mwalimu wa madrasa posho yake. Siku mbili baadaye maji ya mbugani yakapanda, kama yalivyo mazoea ya bonde hili la Kilombero, na ukuta wa nyuma ukaanguka.

Alhamdulillah, nyumba ilikuwa na kinga ya takaful, tuliyojiunga nayo kupitia wakala wa mjini Ifakara. Tulipojiunga, baadhi ya wazee walipinga wakihofia riba na kamari. Hofu yao ina msingi. Mwaka 1985 Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah, iliamua kuwa bima ya kibiashara ina gharari kubwa na haijuzu, ikaelekeza Waislamu kwenye bima ya kushirikiana. Katika takaful, mchango ni tabarrui: wanachama huchangia mfuko wa kusaidiana, na kampuni huusimamia kwa ujira. Hapa nchini, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) imekwisha kutoa mwongozo wa huduma hiyo.

Asubuhi baada ya upepo, vijana walikuja na majembe ili wasafishe. Niliwaomba wasubiri. Kifusi ni ushahidi, na mtathmini hasara hutaka kukiona. Tulipiga picha kila upande, tukafunika chumba kwa turubai ili hasara isiongezeka kwa uzembe wetu, kisha nikampigia wakala simu siku ile ile na kufuatisha barua. Tuliambatanisha nakala ya hati ya kinga, orodha ya vilivyoharibika, risiti za bati, makadirio ya fundi na barua ya ofisi ya mtendaji wa kijiji. Maji yalipoangusha ukuta, tulipiga picha nyingine na kutoa taarifa ya pili.

Mtihani ulikuja katika kikao cha kamati. Hati yetu ilikinga moto na dhoruba. Mafuriko yalihitaji mchango wa ziada, nasi hatukuulipa. Mjumbe mmoja akasema, "Katibu, andika kuwa ukuta nao uliangushwa na upepo. Nani atajua?"

Sitaficha: kalamu ilisita mkononi. Mwalimu wa madrasa alikuwa ameketi mbele yangu, naye alijua kuwa bila mpangaji hakuna posho. Ndipo mzee mmoja, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akasema, "Katibu, mfuko ule una wenyewe." Hakuongeza neno.

Nikaandika: paa, upepo, ukuta, maji.

Mtathmini alipofika aliitazama alama ya maji kwenye kuta zilizobaki, akasoma fomu yetu, akaendelea na kazi yake. Kama tungeandika uongo, tungeweza kupoteza hata fidia ya paa, kwani dai la hadaa huweza kubatilisha dai zima. Tulilipwa gharama ya paa, baada ya kupunguzwa uchakavu wa bati na ile sehemu ya hasara ambayo mwenye kinga hujibebea mwenyewe. Ukuta tuliujenga kwa msaragambo. Mwalimu alikaa miezi miwili bila posho kamili, naye hakukosa darasa hata siku moja. Allah amlipe kheri.

Ndugu msomaji, isome hati yako kabla ya mvua, si baada yake. Ukiishi bondeni, uliza kwanza: je, mafuriko yamo? Hifadhi risiti na nakala za hati kwa jamaa mwingine, kwani karatasi iliyo ndani ya nyumba huzama pamoja na nyumba. Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Usiporidhika, iko TIRA, na iko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Kufunga ngamia ni katika kutawakali, na kuandikiana ni amri iliyomo katika aya ya 282 ya Suratul Baqarah. Mwaka huu kamati imelipa mchango wa mafuriko. Mjumbe aliyetaka tuandike upepo ndiye aliyetoa hoja hiyo.

Wabillahi tawfiq.