Moshi, Busaa na Mpira: Nani Alilipia Starehe za Eastlands?

Biri ya Cuba inayouzwa katika hoteli kubwa za Nairobi hutunzwa kama yai. Hulazwa ndani ya sanduku la mwerezi lenye kipimo cha unyevu, na muuzaji huhakikisha kipimo hicho hakiendi mbali na asilimia 70. Ikikauka, jani la nje hupasuka na moshi huwa mkali. Ikilowa, huota ukungu. Mvutaji huikata ncha, huizungusha polepole juu ya moto, kisha hukaa nayo saa nzima au zaidi, moshi ukiishia kinywani bila kushushwa kifuani.

Katika mtaa wa Shauri Moyo, Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, hakuna sanduku la mwerezi. Mzee anayependa tumbaku nzito hununua kiraiku, yaani majani ya tumbaku ya kienyeji yaliyoanikwa shambani, ya aina inayovutwa tangu zamani katika nchi ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Huyasugua kwenye kiganja mpaka yavunjike, huyamimina juu ya kipande cha karatasi (gazeti la jana ndilo huwa karibu), hukisokota, hulamba ukingo ili ushike, halafu huwasha. Kichujio hakuna. Moshi wake humfikia jirani kabla hajauliza habari. Vijana wanaovuta fegi za dukani huwacheka wazee hawa, ingawa kwa kweli mzee wa kiraiku na tajiri wa biri ya Cuba wanafanana kuliko wanavyodhani: wote wanavuta jani lenyewe, na wote wanapenda kulivuta wakitazama mchezo.

Mchezo huo, pande hizi, si besiboli ya Cuba. Ni mpira wa miguu Jumapili alasiri, ndondi ndani ya ukumbi wa kijamii, ajua (mchezo wa bao) chini ya mti Kaloleni, au drafti inayochezwa kwenye ubao uliochorwa kwa kalamu, kete zikiwa vifuniko vya chupa, vya soda upande mmoja na vya bia upande wa pili. Kinywaji kikiwepo, mara nyingi kilipikwa karibu. Mtu anaweza kuyatazama haya yote akadhani ni mambo madogo ya watu kupumzika baada ya kazi. Lakini ukifuatilia pesa, utakuta starehe ya Eastlands tangu mwanzo ilikuwa hesabu ya mtu mwingine: serikali ya mji, kiwanda cha bia, kampuni ya sigara, na siku hizi kampuni ya kamari.

Hesabu ya kwanza ilikuwa ya pombe. Pumwani ilipoanzishwa kama mtaa rasmi wa Waafrika baada ya Vita Kuu vya Kwanza, miongoni mwa wenye nyumba walikuwemo wanawake wengi waliojenga kwa pesa zao, kama alivyoeleza mwanahistoria Luise White katika utafiti wake kuhusu wanawake wa Nairobi. Kupika pombe nyumbani kulikuwa mojawapo ya njia chache walizokuwa nazo za kupata pesa ya haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 manispaa ikaingilia kati. Ikajitwalia haki ya kupika na kuuza pombe ya kienyeji, ikafungua ukumbi wake wa pombe Pumwani, na mwanamke aliyeendelea kupika jikoni kwake akawa mhalifu.

Ujanja huo haukubuniwa Nairobi. Ulitoka Durban, Afrika Kusini, ambako tangu mwaka 1909 halmashauri ya mji ilikuwa ikiwauzia Waafrika pombe na kutumia faida kuendeshea mitaa yao. Hapa nako faida iliingia kwenye mfuko uliotengwa kwa ajili ya mambo ya Waafrika, na sehemu yake ikagharimia huduma za jamii, zikiwemo burudani na michezo. Kwa maneno mengine, mlipa kodi wa Kizungu hakusumbuliwa; mfanyakazi wa reli alijinunulia huduma zake mwenyewe, kopo kwa kopo.

Kuna kichekesho kingine cha miaka hiyo hiyo. Mwaka 1922 ndugu wawili, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda cha bia Ruaraka. George aliuawa na tembo mwaka uliofuata, na bia ya Tusker ikapata jina na nembo yake. Mkazi wa Pumwani angeweza kusikia habari za bia hiyo, hata kubeba kreti zake kama kibarua, lakini sheria haikumruhusu kuinywa. Waafrika waliruhusiwa bia ya chupa mwaka 1947. Kwa robo karne, basi, kulikuwa na bia ya Mzungu upande mmoja na busaa ya manispaa upande mwingine, na busaa ya mama wa mtaani ikifichwa chini ya kitanda.

Busaa yenyewe inahitaji subira. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji na kuachwa siku kadhaa hadi uchachuke. Kisha huwekwa juu ya bati pana au pipa lililopasuliwa na kukunjuliwa, moto wa kuni ukiwa chini, na mpishi huugeuza kwa koleo bila kupumzika mpaka madonge yawe ya kahawia na harufu yake ienee ploti nzima. Hapo ndipo mpishi wa siri hukamatwa, kwa sababu harufu haina mlango. Madonge yaliyokaangwa hutiwa ndani ya pipa la maji pamoja na kimera, yaani wimbi lililooteshwa, likakaushwa na kusagwa. Kimera ndicho kinachogeuza wanga kuwa sukari. Hamira za asili zilizomo hugeuza sukari kuwa kileo. Baada ya siku mbili tatu pombe huchujwa na kunywewa papo hapo, ingali ikitoa povu. Haikai. Ikifika siku ya nne au ya tano imekuwa siki, na hasara ni ya mpishi.

Kwa hiyo anayepika busaa hawezi kuwa mtu wa peke yake. Mwanaanthropolojia Nici Nelson, aliyeishi na kufanya utafiti Mathare miaka ya 1970, alionyesha jinsi wanawake wapishi walivyouziana kwa jumla, wakakopeshana, wakatoleana dhamana polisi walipovamia. Ulikuwa mtandao wa biashara kamili, wenye madeni na uaminifu, bila karatasi hata moja. Anayezungumzia upishi wa pombe nyumbani kama burudani ya mtu mwenye nafasi na mitungi ya kioo angepotea Mathare. Hapa ilikuwa karo na kodi ya nyumba.

Kando ya busaa ilikaa ndugu yake mkali. Chang'aa hupatikana kwa kuchemsha pombe iliyochacha na kuukusanya mvuke wake, na muuzaji wake, mama pima, huipima kwa glasi. Mwaka 1980 serikali ilitunga sheria ya kuipiga marufuku kabisa. Marufuku haikuiua, iliisukuma gizani, na gizani wakaingia watu waliogundua kwamba kemikali za viwandani ni rahisi kuliko mahindi. Novemba 2000, pombe iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 100 katika vijiji vya Mukuru, na wengine wakapofuka. Methanoli inafanana na kileo cha kawaida kwa macho na kwa harufu, lakini ini huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa macho. Mnywaji hujua kesho yake asubuhi.

Sheria ya mwaka 2010, ambayo Wakenya wanaiita Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipigania, ilijaribu njia nyingine. Ilifuta marufuku ya chang'aa, ikataka anayepika awe na leseni na auze katika chupa ya kioo, na ikaweka saa za kunywa: siku za kazi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, wikendi kuanzia saa nane mchana. Kwenye karatasi, mama pima angeweza kuwa mfanyabiashara halali. Lakini leseni, mashine ya kujaza chupa na cheti cha ubora vyote vina gharama, na mtu anayepikia kwenye chumba kimoja cha kupanga hana pa kuanzia. Sheria ilimfungulia mlango kisha ikauweka ghorofani bila ngazi.

Waliopanda ni wenye viwanda. Mwaka 2004 East African Breweries, yenye kiwanda hicho cha Ruaraka, ilileta Senator, bia ya kegi iliyosamehewa ushuru ili imtoe mnywaji wa kipato cha chini kwenye pombe haramu. Baa za kegi zikajaa kuanzia Kariobangi hadi Kayole, mteja akinywa kwa kikombe kikubwa cha plastiki. Mwaka 2013 serikali ikapunguza msamaha huo. Bei ikapanda, mauzo yakaporomoka, na kufikia 2015 ikabidi sehemu kubwa ya msamaha irudishwe. Mezani pa Hazina, kikombe cha mtu wa Dandora kina uzito kuliko yeye anavyofikiri.

Mpira nao ulipitia mikono hiyo hiyo. Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa msaada wa wafungwa wa vita wa Kiitaliano, ulipangwa ukiwa na ukumbi wa kijamii, zahanati, maktaba na uwanja. Ukumbi huo ulitumika kwa siasa, dansi na ndondi kwa zamu. Ndondi za kumbi za namna hii ndizo zilizolea kizazi kilichofika Seoul mwaka 1988, ambako Robert Wangila, mzaliwa wa Nairobi, alitwaa dhahabu ya Olimpiki, dhahabu pekee ya Kenya nje ya riadha. Hatua chache kutoka Kaloleni upo uwanja uliojulikana kama African Stadium, kisha Donholm Road, kisha City Stadium, na hatimaye ukapewa jina la Joe Kadenge, mshambuliaji wa klabu ya Abaluhya aliyefariki Julai 2019. Huko ndiko vilabu vya Gor Mahia na AFC Leopards vilikojaza majukwaa kwa miongo.

Kiwanda cha Ruaraka hakikuridhika na kuuza bia nje ya lango. Kiliunda timu yake, Kenya Breweries, iliyotwaa ubingwa wa taifa miaka ya 1970 na kubadilisha jina kuwa Tusker mwaka 1999. Baadaye ligi kuu yenyewe ikabeba jina la bia hiyo kuanzia mwaka 2012. Mpira wa mtaa, kwa bahati, umebaki na nafasi yake: mashindano ya Koth Biro, yanayochezwa mwisho wa mwaka Ziwani, huwakutanisha wachezaji wa kulipwa na vijana wasio na klabu, na shabiki husimama hatua moja tu kutoka mstari wa pembeni. Anayetaka kujua kwa nini mtaa wa Muthurwa uliwatoa wanasoka McDonald Mariga na mdogo wake Victor Wanyama aende akatazame mechi moja ya namna hiyo.

Tumbaku ilichelewa kidogo lakini ilijua njia. British American Tobacco ina kiwanda chake Likoni Road, Industrial Area, si mbali na Makadara, na baba wengi wa mitaa ya karibu waliingia kazini kwa baiskeli au kwa miguu katika eneo hilo la viwanda. Sigara yake iliyopendwa zaidi, Sportsman, ina kichwa cha farasi kwenye pakiti na jina linalomsifu mwanamichezo. Magari ya Safari Rally nayo yalipita miaka ya 1980 yakiwa na jina la Marlboro.

Udhamini wa namna hiyo ulikatwa na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, iliyozuia matangazo, udhamini, uvutaji hadharani na uuzaji wa sigara mojamoja. Matangazo yalitoweka. Sigara mojamoja haikutoweka: kwenye vibanda vya Jogoo Road kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa uzi dirishani, mteja anawasha fegi yake na kurudisha kiberiti bila kusema neno. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 11.6 ya watu wazima wanatumia tumbaku, na miongoni mwa wanaume asilimia 19.1. Mzee wa kiraiku na bwana wa biri wasijifariji kwamba hesabu hiyo inawahusu wavuta fegi peke yao. Nikotini hupenya kwenye ngozi laini ya mdomo hata moshi usipomezwa, saratani ya kinywa na ya koo haimuulizi mvutaji kama alitumia mwerezi au gazeti, na biri moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara.

Mfadhili wa tumbaku alipozuiwa na wa bia alipopunguza mkono, nafasi ikachukuliwa na kamari. SportPesa ilidhamini ligi kuu, Gor Mahia na AFC Leopards, na maduka ya kubeti yakafunguka mitaani kote, wateja wakijaza mkeka wa mechi za Uingereza huku uwanja wa mtaa ukiwa umbali wa kutupa jiwe. Januari 2018 ushuru wa kamari ulipopandishwa hadi asilimia 35, kampuni hiyo ilitangaza kusitisha udhamini wake wa michezo nchini. Viongozi wa vilabu vilivyolelewa Eastlands wakarudi kutafuta mishahara ya wachezaji na nauli za mechi za ugenini.